Bei Aliyoniandikia Saidi

Jumatatu, 2 Septemba

Tumeshuka kutoka Bugarama na viazi, karoti na kabichi. Konvoi ndefu, askari mbele, askari nyuma. Kama kawaida. Ila breki.

Kwenye kona za mwisho kabla ya mji, Yasini alikanyaga pedali ikaenda mpaka chini. Akaikanyaga tena haraka haraka, ikashika kidogo. Akapunguza gia, injini ikalia vibaya. Mbele yetu lori la mafuta. Hakuna pa kukwepea: ukuta wa mlima huku, korongo kule. Na kusimama pembeni huwezi. Konvoi haimngoji mtu, na anayebaki nyuma peke yake kwenye ile barabara kila mtu anajua kinachompata.

Yasini ni mdogo wangu, amenishinda urefu tangu zamani, sijawahi kumsikia akisema anaogopa. Leo tulipofika soko la Jabe alizima gari akabaki na mikono juu ya usukani. "Dada, mi sipandi tena na kamyoneti hii mpaka itengenezwe." Nimekubali. 

Viazi vimeisha kabla ya adhuhuri. Mama Furaha amenisaidia kuuza. Meza yake iko pembeni ya yangu tangu alipovuka kutoka Uvira. Mzaire, Mkristo, msema kweli, anacheka kwa sauti kubwa kuliko soko zima.

Lazima tupande tena Alhamisi. Shule ya bweni inafungua, na mpishi wao amesema nikifikisha viazi Ijumaa, mboga zote za muhula ni zangu. Nisipofikisha atamtafuta mwingine. Tangu mume wangu Rashidi afariki sijapata mteja kama huyu.

Jioni milio ya risasi upande wa Kamenge. Kisha kimya. Kimya ndicho sikipendi.

Jumanne, 3 Septemba

Nimekasirika mpaka mkono unakataa kuandika.

Asubuhi tulipeleka kamyoneti yetu ya mizigo kwa Saidi, hapa hapa Buyenzi. Hatujawahi kwenda kwa fundi mwingine. Alikuwa rafiki wa Rashidi, walisoma chuoni pamoja, siku ya mazishi aliingia kaburini kumpokea. Namwita shemeji na yeye ananiita shemeji. Ndiyo maana inauma.

Alitoa gurudumu moja tu, la mbele. Akachungulia. Akauliza, "Mnapanda lini?" Nikasema Alhamisi. Akafuta mikono kwa kitambaa, muda mrefu kuliko uchafu uliokuwepo. Halafu akachukua kipande cha katoni akaandika bei.

Faranga laki mbili na nusu.

Nilifikiri ameandika vibaya. Akanihesabia: plaketi za mbele, vile vibao vya kubana disiki, na disiki zake, pampu ya breki, mipira yote, na za nyuma pia. Kila kitu kipya. Nikamwuliza amejuaje za nyuma ni mbovu na hajafungua nyuma. Akasema, "Zinakuwa hivyo." Zinakuwa hivyo! Mtu aliyenifundisha mwenyewe kwamba fundi akikutajia bei kabla ya kufungua, ondoka.

Na kazi itaisha lini? Jumamosi. Nikasema Alhamisi napanda. "Haiwezekani, shemeji." Hakuniangalia usoni. Alikuwa anaiangalia ile disiki.

Wote wanatunyonya kwa jina la vikwazo vya biashara. Chumvi, mafuta, sabuni, sasa breki. Lakini Saidi?

Jumatano, 4 Septemba

Nimeamua sitamwita mtu mwizi kabla ya kuuliza. Nimezunguka Jabe asubuhi yote, kwa wauza vipuri. Watatu. Plaketi za gari yetu zipo. Bei imepanda kweli, karibu mara mbili ya mwaka jana, mipaka imefungwa na vitu vinapita kwa mlango wa nyuma. Lakini hata hivyo. Disiki hakuna aliyeniambia zinakufa zote mbili siku moja. Pampu mmoja alisema mara nyingi haibadilishwi, inabadilishwa mipira ya ndani, vipande vidogo vya kukaa kiganjani.

Kisha nikaenda kwa Kasongo, fundi Mzaire mwenye kibanda nyuma ya soko. Nikamweleza pedali ilivyofanya. Akauliza maswali mazuri: mafuta ya breki yanapungua? Gari inavuta upande mmoja? Inalia ukikanyaga? Saidi hakuniuliza hata moja. Kasongo akasema, bila kuona gari hawezi kuapa, lakini inafanana na mipira ya pampu na plaketi zilizokwisha. Kazi ya nusu siku. Elfu sitini, vipuri ndani. "Na mama, vile vya zamani nitakupa mukononi, uone mwenyewe."

Basi. Laki mbili na nusu kwa elfu sitini. Nikaenda kwa Saidi kuchukua gari.

Gari iko juu ya mawe, magurudumu yote chini. Pampu haipo. Nauliza iko wapi, anasema ameipeleka kwa mtu kuchongwa. Mtu gani? Mtu tu. Nikaelewa amenifunga. Gari bila pampu siwezi hata kuisukuma mpaka kwa Kasongo.

Nikapiga kelele. Sijawahi kufanya hivyo barabarani maishani mwangu. Nilimwita mwizi wa wajane. Nilisema Rashidi anasikia. Watu wakatoka majumbani, mpaka wanawake wa mtaa wa pili. Saidi alisimama na spana mkononi, kichwa chini, kama mtoto.

Ndani ya karakana, nyuma, kulikuwa na kamyoneti nyeupe haina namba. Wanaume watatu wamekaa ndani, milango imefungwa, na joto lile. Makoti marefu. Walikuwa wananitazama. Mmoja alikuwa anakula karanga.

Nikamwambia Saidi hata hivyo amejisumbua bure, kwa sababu nitamtafutia Mama Furaha nafasi kwenye lori kesho, ataninunulia viazi vyangu. Hapo tu ndipo aliinua kichwa. Akawaangalia wale wa garini, akaniangalia mimi. Akasema polepole, "Mwambie angoje Jumamosi. Jumamosi viazi vinakuwa bei rahisi."

Nikacheka. Mbele ya watu wote nikamcheka. Nikamwuliza tangu lini amekuwa muuza viazi.

"Rudi nyumbani, shemeji," akasema.

Nafasi nimeipata. Moja tu, kwenye lori la mfanyabiashara wa mchele anayepanda kesho. Mama Furaha amefurahi, anakwenda kununua mzigo wake na wangu. Mimi nabaki kumbana Saidi mpaka pampu ipatikane.

Alhamisi, 5 Septemba

Nimemsindikiza Mama Furaha mpaka lori. Alikaa juu ya magunia matupu, kitenge cha njano kichwani. Akanipungia mkono akipiga kelele: "Mama Zuhura, mi nitakuletea viazi ya kuweka mbele ya wazungu!" Konvoi ikaondoka.

Saidi hajafungua. Karakana ina kufuli. Kamyoneti nyeupe haipo. Yangu imebaki nje juu ya mawe.

Adhuhuri. Hakuna gari lililoshuka. Siku zote kufikia sasa yanakuwa yameshuka ya kwanza.

Wauza vitunguu wanaongea kwa sauti ndogo. Mtu amesema moshi. Mwingine amesema si moshi, ni mawingu ya mlimani.

Ambulansi zimepita. Halafu lori za jeshi, zinakwenda juu, mbio.

Ni moshi.

Ijumaa, 6 Septemba

Wenye bunduki waliisubiri konvoi kwenye kona, juu. Waliacha askari wa mbele wapite. Walichoma lori la mchele na magari mengine. Jana jioni askari waliwashusha waliokufa, wamefunikwa kwa maturubai. Watu walikwenda kufunua mmoja mmoja.

Mama Furaha hakuwa chini ya turubai. Yuko hospitali. Aliruka kutoka juu ya magunia akaanguka korongoni, na huko chini risasi ikampata goti. Wamemkata mguu wa kulia. Nimemwona kutoka mlangoni tu, hajaamka vizuri. Sikuingia. Nilishindwa.

Nilitoka hospitali nikitembea kwa miguu na njiani ikanijia. Haikuja kidogo kidogo. Ilikuja yote. Mnapanda lini. Gurudumu moja tu. Haiwezekani. Jumamosi.

Yasini akanihakikishia, Saidi hakuonekana msikitini kwenye sala ya Ijumaa. Nikaenda kwake nyumbani. Asha mke wake alifungua mlango akaniona, akanipisha bila salamu. Saidi alikuwa amekaa uani kwenye kigoda. Alikuwa hajanyoa. Nilisimama juu yake.

"Ulijua."

Hakukataa. Akasema wale wa kamyoneti nyeupe walileta gari yao Jumatatu. Mmoja akamwuliza kama ana ndugu wanaopanda Bugarama. Akajibu hana. Yule akasema vizuri, maana Alhamisi si siku ya kupanda. Kisha akacheka, akamwomba maji ya kunywa.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nikuambie we, shemeji, ungemwambia Yasini. Yasini angewaambia madereva wenzake. Jioni soko yote ingejua, na wao wangejua imetoka kwa nani. Mi niko na watoto sita humu ndani."

"Kwa hiyo ukaniibia?"

"Apana. Sikuchukua hata faranga moja. Nilikuwekea bei ambayo hutaiweza. Nikaona hukati tamaa, nikaficha pampu."

Nikamwuliza, na Mama Furaha? Akafunika uso kwa viganja. Mikono yake haitoki grisi hata akioga. Akasema kutokea ndani ya viganja: "Nilisema Jumamosi. Mbele yao nilisema. Ulicheka."

Ndiyo. Nilicheka.

Nilitaka kumpiga. Nilitaka pia kumshukuru, na hilo lilinichukiza zaidi. Niliondoka bila kufanya lolote.

Jumamosi, 7 Septemba

Asubuhi kamyoneti iko mbele ya mlango wetu, imesimama kwa magurudumu yake. Sikusikia ikiletwa. Asha alikuja na funguo. Macho mekundu. Saidi ameondoka na watoto wakubwa, wameelekea kusini, kwa mjomba wake. Asha atafuata na wadogo. Nikauliza ni kiasi gani. Amesema hakuna.

Yasini ameifungua kuangalia. Plaketi mpya. Mipira ya pampu mipya. Basi, vitu viwili. Disiki zile zile, za nyuma hazikuguswa. Alichosema Kasongo, sawasawa. Saidi alijua tangu gurudumu la kwanza.

Yasini ameizungusha mtaani. Inashika vizuri. Hakutabasamu.

Mpishi wa shule ameshapata mtu mwingine. Sikujali hata kidogo.

Jumatatu, 9 Septemba

Sokoni wananiangalia.

Mwanzoni nilifikiri ni huruma. Kisha nikamsikia muuza nyanya, hakujua niko nyuma yake: "Yeye kila Alhamisi anapanda. Alhamisi ile hakupanda. Akamtuma Mzaire." Akaona macho ya mwenzake, akageuka, akaanza kupanga nyanya zake upya.

Mume wa dada yake alikuwa kwenye konvoi. Hakurudi.

Meza ya Mama Furaha iko wazi pembeni yangu. Hakuna aliyeikalia. Leo nimeuza kidogo sana. Watu wanapita, wanaamkia, hawasimami.

Mchana mwanaume nisiyemjua alimsogelea Yasini kwenye maegesho. Kijana, shati safi, mpole. "Nyinyi mulijua namna gani?" Yasini akasema kujua nini. Akasema, "Kubaki." Akamtazama muda, akaenda zake. Sijui ni mtu wa nani. Wa waliochoma au wa waliochomewa. Siku hizi wote wanauliza kwa sauti moja.

Nimemwambia Yasini alale kwa shangazi. Hataki.

Jumanne, 10 Septemba

Walikuja watatu mezani kwangu. Yule wa shati safi, na wawili. Hawakupiga kelele. Wakauliza kwa nini gari yangu haikupanda. Soko lote likanyamaza, hata wakata nyama.

Nikasema breki. 

Breki tu? Wiki ile ile? Nani fundi? Yuko wapi? Nikaona tunakokwenda. Nikisema Saidi, wataona kufuli. Nikisema ameondoka, basi, tumekwisha.

Hapo Kasongo akatokea nyuma ya kibanda chake, mikono imejaa mafuta. Sikumwita. Mtu mgeni kama yeye, angeweza kubaki ndani na hakuna ambaye angemlaumu.

"Breki ilikuwa imekufa kweli," akasema. "Huyu mama alikuja kwangu Jumatano analia na bei. Walimwambia laki mbili na nusu! Muulize wauza plaketi wote, aliwasumbua asubuhi muzima. Mutu mwenye anajua hatapanda, anahangaika hivyo?"

Muuza plaketi mmoja akasema ni kweli, alikuja. Mwingine akasema na yeye. Halafu mwanamke wa Buyenzi aliyekuja kununua mchicha akasema alinisikia Jumatano nikimwita fundi mwizi wa wajane, mtaa mzima ulisikia, na kwamba kwa bei ile hata yeye angetukana. Mtu akacheka. Kicheko kidogo, lakini kilifungua soko. Visu vya wakata nyama vikaanza tena.

Wa shati safi akachukua karoti moja mezani kwangu, akaitazama, akairudisha. Wakaondoka.

Sasa ndiyo naelewa. Bei ile iliniweka huku chini mjini Alhamisi. Na makelele niliyopiga juu yake yameniweka hai leo. Sijui kama Saidi aliyahesabu yote hayo. Nadhani aliogopa tu, akashika kilichokuwa karibu na mkono wake.

Muuza nyanya alikuja jioni, akaniomba radhi. Nikampa mkono. Mkono wake ulikuwa baridi.

Jumatano, 11 Septemba

Sikwenda sokoni. Nimelala mchana kama mgonjwa. Milio upande wa Cibitoke. Yasini amesema konvoi itaanza tena wiki ijayo, askari wengi zaidi. Hakuuliza kama tutapanda, na mimi sikusema.

Alhamisi, 12 Septemba

Nimepika uji wa ulezi nikaupeleka hospitali. Wodi imejaa, wengine wako chini kwenye mikeka. Mama Furaha ameketi, mto mgongoni. Amepungua. Shuka linashuka upande mmoja pale mguu ulipoishia. Nilijilazimisha kuangalia.

Nilimlisha kijiko kwa kijiko. Akauliza nani amekaa kwenye meza yake. Nikasema hakuna, iko palepale. Akauliza breki za gari. Nikasema zimepona. Akasema, "Mungu alikupenda, Mama Zuhura." Alisema bila wivu, kama mtu anayesema mvua imenyesha.

Sikuweza kuendelea kumlisha na maneno yale tumboni. Nikamweleza. Jina la fundi sikulitaja. Nikasema kuna mtu alijua, akaogopa kusema, akanipandishia bei ili nisipande. Nikasema alinipa neno la kukuletea pia, ungoje Jumamosi, na mimi nikacheka, sikukuletea. Nilisema yote huku nimeshika bakuli.

 Mgonjwa wa kitanda cha pili alikuwa akikohoa. Nilingoja anifukuze. Ningekwenda.

"Ungeniletea lile neno, na mi ningecheka," akasema mwishoni. "Viazi bei rahisi Jumamosi? Tangu lini?"

Kisha akageukia dirisha.

"Lakini mi sina gari, mama. Nani angenipandishia bei?"

 Akanyoosha mkono bila kunitazama. Nilifikiri anataka mkono wangu, kumbe ni bakuli. Akalichukua, akamaliza uji mwenyewe, polepole, mpaka chini.

Nikamnyooshea shuka. Nikakaa mpaka akasinzia.